Kuwafariji Wafungwa

Yosefu mwana wa Yakobo, akiwa mfungwa kule Misri, aliwaona asubuhi wenziwe wawili wana huzuni usoni. Hakuwauliza kosa lao. Aliwauliza sababu ya huzuni, akawasikiliza.

Gereza Kuu la Bukavu lilijengwa kwa watu 500. Kabla wafungwa hawajatoroka Februari 2025, lilikuwa limejaa zaidi ya mara mbili, na wengi walikuwa hawajahukumiwa. Asiye na ndugu wa kumletea chakula alishinda njaa. Aliyekosa wa kuzungumza naye aliumia zaidi, ingawa kidonda hicho hakionekani.

Labda utasema: Yule aliniibia mbuzi! Lakini Bwana Wetu Yezu Kristu hakutuagiza kumtembelea asiye na hatia peke yake. Basi mpelekee ugali na maharagi, uketi naye, umwulize usiku analalaje.