Bahari Iliyofungwa Nyumbani

Wasomaji wetu, yako mambo ambayo mtu akiyaona mara ya kwanza husema ni mchezo wa matajiri tu, walakini akiyatazama sana huona ndani yake swali limhusulo hata yeye asiye na kitu. Moja ni desturi iliyoenea Ulaya na Marekani ya kujenga nyumbani hodhi kubwa la vioo, kulijaza maji ya chumvi, na kukuza ndani yake matumbawe yaliyo hai pamoja na samaki wa mwambani. Hatusemi habari za vile vibirika vya samaki wawili watatu viwekwavyo barazani. Twasema habari za mahodhi ya lita 10,000, hata 20,000 na kuzidi, ambayo sakafu ya nyumba hutengenezwa upya kwa ajili yake; maana lita 20,000 za maji ya bahari zina uzito wa tani 20 na nusu, bila kuhesabu vioo wala mawe. Je, mtu ana haki ya kuifunga bahari nyumbani mwake? Na akiisha kuifunga, awiwa nini nayo?

Sisi twayajua matumbawe kwa njia nyingine. Misikiti na majumba ya kale ya Kilwa yalijengwa kwa mawe ya matumbawe, na chokaa yake ilichomwa kwa matumbawe yayo hayo. Kwa hiyo wengi hudhani kwamba tumbawe ni jiwe tu. Sivyo. Tumbawe lililo hai ni jamii ya viumbe vidogo sana, kila kimoja kina kinywa chake na mikono yake laini, navyo ndivyo vijengavyo jiwe chini yao kwa kutwaa chokaa iliyomo majini. Tena ndani ya miili yao hukaa mimea midogo isiyoonekana kwa macho, ambayo kwa mwanga wa jua hufanya chakula na kumgawia mwenyeji wake. Basi atakaye kufuga matumbawe alisha wawili katika mwili mmoja, mnyama na mmea. Sharti awape mwanga mwingi, maji yaendayo na kurudi kama mawimbi, joto la digrii 25 au 26 hivi, na gramu 35 za chumvi katika kila kilo ya maji. Kwa hodhi la lita 20,000 chumvi hiyo ni kilo 700 na zaidi. Na kwa kuwa maji hukauka kila siku lakini chumvi haikauki, kila siku huongezwa maji matamu, wala si ya chumvi. Mgeni wa kazi hii hustaajabu sana akiambiwa hivyo.

Samaki nao huchafua maji. Uchafu wao huzaa sumu iitwayo amonia, na hiyo ingewaua wote upesi kama si vijidudu vikaavyo katika mawe na mchanga, vinavyoigeuza kuwa kitu kisichodhuru sana. Mwaka 1961 Bwana Lee Chin Eng wa Indonesia aliandika habari za njia yake: alitia katika hodhi mawe ya mwambani pamoja na uhai wote ulioshikamana nayo, akapuliza hewa tu, na bahari ikajisafisha yenyewe. Baadaye watu wa Berlin waliongeza mwanga wa nguvu na chombo cha kutoa uchafu kwa povu, na hapo matumbawe yakaanza kukua nyumbani kuliko zamani.

Watunzaji husema kwamba hodhi kubwa ni jepesi kulitunza kuliko dogo. Neno hilo ni kweli kwa upande mmoja. Samaki mmoja akifa katika birika dogo, maji yote huharibika. Katika lita 20,000 hata harufu haisikiki. Maji mengi hayageuki upesi, kwa hiyo humpa mtunzaji nafasi ya kutengeneza alipokosa. Lakini umeme ukikatika na pampu zikasimama, hewa ya majini huanza kupungua, na kwa muda wa saa chache samaki huweza kufa, wawe kumi au mia tano. Ukubwa wasamehe makosa madogo, bali kosa kubwa waliongeza.

Yuko asemaye, “Samaki aliye hodhini hula kila siku, wala hana adui; basi amedhulumiwa nini?” Twaona neno hili halitoshi. Alipokuwa mwambani samaki huyo hakumtegemea mtu ye yote. Bahari ilimlisha, na pengine ilimwua, lakini hakuna aliyewiwa kitu. Yeye aliyemtoa huko amemfanya aitegemee nyumba moja, na mkono mmoja, na waya mmoja wa umeme. Hapo ndipo deni lilipozaliwa, wala halilipwi kwa chakula cha leo.

Tutazame waliotangulia. Mwaka 1846 Bibi Anna Thynne, mke wa mchungaji mmoja wa London, alichukua matumbawe kutoka pwani ya Torquay, akayaweka hai mjini kwa miaka kadha. Pampu hazikuwapo. Basi kila siku mtumishi wake alisimama karibu na dirisha lililo wazi, akiyamimina maji kutoka chombo hata chombo, yapate hewa, kwa muda wa nusu saa na zaidi. Twalikumbuka jambo hili kwa sababu sifa hupewa mwenye hodhi, na mikono iliyomwaga maji husahauliwa. Leo pia wako wakusanyao samaki kwa kuzamia. Katika Ufilipino, tangu miaka ya 1960, wengine wametumia sumu ya sianidi ili kuwalewesha samaki, na sumu hiyo huua matumbawe yaliyo karibu. Pwani ya Kenya nayo hutoa samaki wa namna hiyo kupelekwa ng’ambo. Aketiye mbele ya kioo chake na kufurahi, yafaa aulize samaki wake walishikwaje.

Naye Philip Henry Gosse, Mwingereza mcha Mungu aliyehubiri katika kusanyiko la kwao, alitoa mwaka 1854 kitabu cha kufundisha watu kufuga viumbe vya bahari. Alitaka waone kazi za Muumba. Watu wakakisoma kwa furaha, wakashuka pwani na ndoo na nyundo, wakayapekua mabwawa ya miambani hata yakawa matupu. Mwanawe Edmund aliandika mwaka 1907 ya kwamba baba yake alikuja kuyatambua madhara hayo, akahuzunika sana. Mtu mwema alipenda kitu, akakipendeza kwa wengine, na kupendwa huko kukakiharibu kitu chenyewe. Tukisema, basi, kwamba apendaye hawezi kudhuru, twajidanganya.

Siku hizi yametokea maneno mapya. Bahari imezidi joto. Mwaka 1998 matumbawe mengi ya pwani yetu yalipauka na kufa, na mwaka 2023 joto la Florida lilikuwa kali hata wataalamu wakayatoa matumbawe baharini na kuyaweka katika mahodhi ya nchi kavu. Kwa hiyo wako wenye mahodhi nyumbani wasemao, “Letu ni safina.” Sisi twasita. Kazi ya Florida ilifanywa na vyuo na majumba ya elimu, ambavyo havifi afapo mtu mmoja, na kila tumbawe huandikwa lilikotoka. Hodhi la nyumbani huchanganya matumbawe ya bahari tatu nne, na mwenyewe akiugua mwezi mzima, safina yazama.

Wala hatusemi ni haramu. Huko Berlin Bwana Dietrich Stüber alikuza tumbawe la matawi, akawa akikata vipande na kuwapa wenzake, nao wakakata na kuwapa wengine, hata likafika nyumba nyingi katika nchi nyingi. Atakaye hodhi leo aweza kulijaza kwa vipande vya namna hiyo, na kwa samaki waliozaliwa hodhini, asiitoze bahari kitu. Njia hii ni ya polepole. Hodhi la lita 20,000 lililotiwa vipande vya urefu wa kidole huonekana tupu kwa miaka, na aliyetumia mali nyingi hapendi kuwaonyesha wageni mawe matupu. Lakini yeye asiyeweza kungoja miaka mitatu, twaona hakuwa tayari kutunza kwa ishirini.

Na ishirini si nyingi. Wale samaki wadogo wa rangi ya machungwa wenye mistari myeupe wameishi zaidi ya miaka 20 mikononi mwa watu, na tumbawe lisipopatwa na ugonjwa huweza kumpita mwenyewe kwa umri. Mtu wa miaka sitini ajengaye hodhi la namna hii ajenga kitu ambacho mwingine atakizima au atakitunza. Basi kabla ya kupima vioo, na amwite mwanawe, au jirani aijuaye kazi hiyo, amwonyeshe pampu, na hesabu ya umeme ya kila mwezi, na ile mitambo ya akiba, amwulize kama yuko tayari. Akikataa, lipunguzwe hodhi.