Sanduku lenye kumuonya mwenyewe

Kuna ulizo moja lenye watu wanajiuliza tangu zamani: mutu akipamba vyombo vya nyumba yake, ni kiburi ao ni hekima? Tuliangalie ulizo hili kupitia masanduku ya Uingereza ya zamani.

Kati ya mwaka 1400 na 1500, nyumba ya Mwingereza, hata ya tajiri, haikuwa na vyombo vingi. Mara nyingi kiti kikubwa kilikuwa cha bwana wa nyumba. Wengine walikaa juu ya benchi. Chombo cha lazima kilikuwa sanduku. Lilitunza nguo, feza na barua. Likifungwa, watu walilikalia. Mengi yalitengenezwa kwa mwaloni, ule muti tunaousoma katika Biblia, kwa habari ya Abrahamu. Maseremala waliupasua ungali mubichi, juu mukavu ni mugumu sana. Ni muti wenye kudumu, ndiyo maana masanduku mengine yako hata leo. Mwenyewe akikaribia kufa, aliandika katika wosia nani atalirizi.

Mengine yalichongwa picha. Katika makumbusho ya mji wa London kuna ubao wa mbele wa sanduku moja, wa karibu mwaka 1400. Picha zake zinaonyesha hadisi iliyoandikwa na Geoffrey Chaucer. Vijana watatu walevi wanaenda kutafuta Kifo ili wamuue. Muzee mumoja anawaelekeza chini ya mwaloni. Pale wanakuta zahabu. Wanamutuma mudogo wao mujini kuleta mukate na divai. Wawili wenye kubaki wanapatana kumuua akirudi. Naye ananunua sumu na kuitia ndani ya divai. Wanamuua, wanakunywa, wanakufa.

Angalia basi! Hadisi ya watu waliouawa na tamaa imechongwa juu ya sanduku, pahali watu walitunza mali.

Wengine watasema: feza ya kumulipa muchongaji ingewafaa maskini. Ni neno la kweli, tusilizarau. Lakini pambo si namna moja tu. Kuna lile lenye kumuambia mugeni: "Bwana huyu ni tajiri." Na kuna lile lenye kumuambia mwenyewe: "Chunga, feza inaweza kukuua." La kwanza linalisha kiburi, la pili linamusaidia mutu.

Hata hivyo, picha peke yake haitoshi, juu macho inazoea. Siku ya kwanza mutu anaogopa. Kisha mwaka, anaona pambo tu. Kanisa za Uingereza zilitumia njia ingine. Sanduku la parokia mara nyingi lilikuwa na kufuli tatu, na funguo ziligawanywa kati ya padri na watunzaji wa mali ya kanisa. Hakuna aliyeweza kulifungua peke yake.

Kwa mawazo yetu, njia hizo mbili zinahitajiana. Kufuli inazuia mukono, lakini haigeuze moyo. Picha inasema na moyo, lakini haizuie mukono. Kupamba si zambi, ikiwa mwenyewe angali anasikia mafundisho ya pambo lake. Mwenyi kutunza mali, yake ao ya wengine, ajiulize: vitu ninavyoangalia kila siku ndani ya nyumba vinaniambia nini? Na mimi, ningali ninasikiliza?