Kosa la Mkono na Kosa la Wenzo

Wahenga walituachia methali isemayo kwamba ajali haina kinga. Ni methali ya faraja, na hapana shaka imewasaidia watu wengi kuyabeba mazito yaliyowafika. Lakini kadiri umri wangu unavyosogea ndivyo ninavyozidi kuishuku. Nimeisikia mara nyingi ikitumiwa kumfichia aibu mtu aliyepaswa kuzuia ajali, wala si kumfariji aliyefiwa. Nimeona vilevile watu wanaoikataa kwa haraka mno: humkamata yule aliyekuwa karibu zaidi na ajali, wakamtwisha lawama yote, kisha wakaenda zao kulala. Katika kurasa hizi chache ningependa, ndugu msomaji, tuulizane hivi: mtu anapokosea kazini na wengine wakaumia, kosa ni la mkono wake, au ni la chombo na utaratibu aliokabidhiwa? Nitaanzia relini, maana huko ndiko nilikokutana na swali hili kwa mara ya kwanza.

Nilipokuwa na umri wa miaka kama kumi, mwanzoni mwa miaka ya 1960, nilikaa kwa mjomba wangu katika stesheni moja ndogo ya Reli ya Kati, magharibi ya Tabora. Kazi yake ilikuwa kubadili njia za treni. Stesheni yenyewe ilikuwa na njia mbili tu, ile kuu na ile ya pembeni ambako treni moja husubiri nyingine ipite. Mahali reli zinapogawanyika kuna vipande viwili vya reli vilivyochongwa hadi vikawa vyembamba nchani, mfano wa ndimi. Ndimi hizo huunganishwa kwa fito za chuma ili ziende pamoja. Ukivuta wenzo, ulimi mmoja hulala ukaigusa reli ya pembeni yake, na mwenzake huachana na reli ya upande wa pili. Kwa tofauti ya upana wa vidole vichache tu, treni yenye mamia ya watu huenda kushoto badala ya kulia. Ulimi ukilala vizuri, gurudumu hupita salama. Ukiacha mwanya, ukingo wa gurudumu waweza kuingia katikati, na hapo hakuna dereva awezaye kusaidia.

Usiku mjomba alikuwa akishavuta wenzo hatoki pale. Alikuwa akiinama na taa yake, akapitisha kidole mahali ulimi unapokutana na reli. Nilimwuliza kwa nini, na hali mwanga wa taa ulitosha kuonyesha. "Mwanangu," alinijibu, "usiku macho hudanganya. Kidole hakidanganyi."

Miaka mingi baadaye, alipokuwa amestaafu, alinieleza jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu. Usiku mmoja alishikwa na homa kali ya malaria akiwa zamu. Treni ya abiria ilikuwa imekaribia, naye akashtuka kwamba hakumbuki kama amekwisha badili njia au bado. Alikwenda akijikokota hadi kwenye ndimi, akapapasa. "Nilikuta iko sawa," alisema. "Lakini sikukumbuka kuwa mimi ndiye niliyeiweka." Treni ilipita salama, watu wakaendelea na safari bila kujua lolote. Yeye alibaki na usiku ule hadi kufa kwake. Aliniambia kwamba tangu hapo aliacha kuogopa treni, akaanza kujiogopa mwenyewe.

Nilipokuja kufundisha maadili ya kazi katika chuo cha ualimu, nilikuwa na fumbo moja ninalolipenda sana, nalo pia ni la reli. Lilitungwa mwaka 1967 na mwanafalsafa wa Kiingereza, Philippa Foot. Tramu imeponyoka. Mbele yake kuna watu watano wanaofanya kazi njiani. Kwenye njia ya pembeni yuko mmoja. Je, dereva aielekeze tramu kwa yule mmoja ili watano wapone? Baadaye, mwaka 1985, Judith Jarvis Thomson wa Marekani aliligeuza fumbo hilo: wenzo wa kubadili njia uko mikononi mwa mpita njia ambaye si mfanyakazi wa tramu wala hana jukumu lolote. Auvute au asiuvute?

Wanachuo walilipenda fumbo hilo kama walivyolipenda walimu wao. Walibishana hadi kengele ikalia, kisha wakaendelea kubishana kwenye foleni ya chakula. Lakini mwaka 1991 msichana mmoja wa nyuma ya darasa, ambaye hakuwa msemaji, alinyosha mkono akauliza: "Mwalimu, tramu hiyo nani aliitoa bila breki? Na hao watu watano, nani aliwaweka njiani bila mtu wa kuwalinda?" Darasa likacheka. Nami nilimjibu, kwa sauti ya mwalimu anayejua, kwamba fumbo halituulizi hayo. Akaketi.

Leo nakiri kwamba swali lake lilikuwa bora kuliko fumbo langu. Fumbo linatukuta dakika ya mwisho, mkono ukiwa tayari kwenye wenzo, na maovu yote yakiwa yameshaandaliwa na watu wasiotajwa. Linatufundisha kuchagua kati ya vifo. Msichana yule aliuliza namna ya kufanya hata pasiwe na kifo cha kuchagua.

Wenye reli walikuwa wamejiuliza swali lake zamani, ingawa mara nyingi walijiuliza baada ya mazishi. Mwaka 1856 John Saxby wa Uingereza alipewa hataza ya mtambo unaounganisha ishara na mahali pa kubadili njia, ili viende pamoja. Wazo hilo liliendelezwa hadi ikawezekana kuzifunga nyenzo zenyewe kwa zenyewe: ishara ya kumruhusu dereva haivutiki kabla ndimi hazijalala mahali pake. Mtu anaweza kuwa amechoka, ana homa, au amegombana na mkewe asubuhi. Akivuta wenzo usiofaa, wenzo unamkatalia. Lakini kampuni nyingi ziliona gharama ni kubwa. Kisha, tarehe 12 Juni 1889, karibu na Armagh huko Ireland, mabehewa yaliyotenganishwa na treni yake mlimani yalirudi nyuma kwa kasi kwa sababu breki hazikutosha kuyazuia, yakagongana na treni iliyokuwa ikifuata. Walikufa watu wapatao 80, wakiwamo watoto wengi wa shule ya Jumapili waliokuwa wakienda matembezini. Mwaka huohuo sheria ilipitishwa kuzilazimisha treni za abiria kuwa na breki zinazojifunga zenyewe, na ishara na njia kufungamanishwa. Tazama jinsi ajali hiyo inavyofanana na fumbo letu. Tofauti ni kwamba safari hii waliuliza nani aliyaacha mabehewa bila breki ya kutosha.

Je, basi tuseme kwamba chombo kizuri kimemaliza kazi, na kwamba mkono haudaiwi tena? La hasha. Tarehe 10 Mei 2002, huko Potters Bar kaskazini ya London, treni iliyotoka King's Cross ilipita mahali njia zinapogawanyika. Mabehewa ya mbele yalipita. Chini ya behewa la mwisho ndimi zilihama, behewa likatoka relini, na watu 7 wakafa. Uchunguzi ulionyesha kwamba nati za fito zinazounganisha ndimi zilikuwa zimelegea na nyingine kutoka kabisa. Hakuna aliyevuta wenzo vibaya siku ile. Kosa lilikuwa limefanyika siku nyingine nyingi kabla yake, kidogo kidogo, na kila lilipofanyika halikumwumiza mtu.

Tarehe 23 Februari 2007 yakatokea yaleyale huko Grayrigg, kaskazini ya Uingereza: fito na bolti zake zilishindwa, treni ya mwendo wa kasi ikaanguka, na abiria mmoja akafa. Sehemu ile ilipaswa kukaguliwa siku tano kabla, nayo haikukaguliwa. Ingekuwa rahisi kuandika jina la aliyepaswa kukagua na kulifunga jalada. Wachunguzi hawakuishia hapo. Waliuliza pia kama fito zile zilibuniwa kwa kuelewa sawasawa nguvu zinazozipata, na kama mafundi walipewa muda wa kutosha wa kufika relini. Fito za aina mpya zilibuniwa baadaye. Wataalamu wa chuo kikuu cha Loughborough walikwenda mbele zaidi wakabuni mtambo ambao reli zenyewe hunyanyuliwa, zikahama, zikatua kwenye nafasi yake na kushikwa pale kwa uzito wake. Mtambo huo huendeshwa na mota zaidi ya moja, ili moja ikifa nyingine ziendelee. Wazo la kutotegemea kitu kimoja waliliazima kwenye ndege. Mimi naliona kuwa ni wazo la kimaadili kabla ya kuwa la kiufundi. Lasema: tujue tangu mwanzo kwamba kitu kitaharibika na mtu atakosea, kisha tujenge kwa namna ambayo siku hiyo ikifika hakuna atakayekufa.

Yote haya ni mepesi kuyasema ya Uingereza. Sasa nitasema ya kwangu.

Mwaka 1993 nilikuwa mkuu wa chuo kimoja cha ualimu. Alama za mazoezi ya kufundisha zilikuwa zikinakiliwa kwa mkono kutoka kwenye fomu za wakufunzi hadi kwenye orodha moja kubwa, kwa majina tu. Mwaka ule kazi hiyo nilimpa mkufunzi kijana, nikamwambia niikute mezani asubuhi. Umeme ulikuwa umekatika, akafanya kazi kwa kandili hadi usiku wa manane. Katika darasa moja kulikuwa na vijana wawili ambao majina yao mawili ya kwanza yalilingana kabisa. Alama zao zikabadilishana. Aliyefaulu akaambiwa ameshindwa, akafunga sanduku lake na kurudi kwao kando ya ziwa. Aliyeshindwa akapewa darasa la watoto.

Tuligundua baada ya miezi saba. Tulimwandikia yule kijana arudi. Akajibu kwa heshima kwamba ameshaoa, ana mtumbwi wake, na hana tena hamu ya kusimama mbele ya watu. Nchi ikampoteza mwalimu. Mimi nikafanya lile nililojua kulifanya: nilimpa mkufunzi barua ya onyo kali, nikamwondoa katika kamati ya taaluma, na katika mkutano wa wakufunzi nikalitaja jambo lake kama mfano wa uzembe. Hiyo ilikuwa miaka miwili tu baada ya msichana yule kuniuliza nani aliitoa tramu bila breki.

Muhula uliofuata nilimpa kila mwanachuo namba, nikaagiza orodha isomwe na watu wawili, mmoja akitamka na mwingine akifuatisha kwa kalamu, tena mchana. Ilikuwa kazi ya siku moja. Kosa la namna ile halikurudi tena katika miaka yangu yote pale. Nililiona jambo hilo, nikafurahi, na sikuiondoa barua ya onyo kwenye jalada la kijana yule. Kama utaratibu wa siku moja uliweza kulizuia kosa, basi aliyekuwa na uwezo wa kuuweka utaratibu huo na hakuuweka ndiye mwenye fungu kubwa la lawama. Naye nilikuwa mimi.

Rafiki yangu mmoja, mwalimu mkongwe kama mimi, hakubaliani nami. Husema kwamba ukimwondolea mtu nafasi ya kukosea umemwondolea pia nafasi ya kuwa mwangalifu, na kwamba tutalea kizazi kinachongoja chombo kimkanye. Hoja yake si ya kupuuzwa. Lakini nadhani uangalifu hauondoki, bali huhamia mahali pengine. Hutoka kwenye usiku wa homa, ambako hakuna binadamu anayeweza kuutegemea, ukaenda kwenye mchana wa kawaida, ambako mtu anakaza nati isiyoonwa na yeyote, na mkubwa wake anahakikisha kwamba amempa spana na muda. Uangalifu huo hauna sifa. Hakuna anayempongeza mtu kwa ajali ambayo haikutokea.

Mwaka jana nilipanda basi nikamtembelea mkufunzi yule, ambaye naye sasa anakaribia kustaafu. Aliniamkia kama zamani: "Shikamoo, Mkuu." Tulipokwisha kunywa chai nikamwambia kwamba nimekuja kwa sababu ya barua ile, na kwamba sikumtendea haki. Alinyamaza kidogo. Kisha akasema: "Mkuu, kosa lilikuwa langu. Yule kijana namkumbuka kila mwaka matokeo yanapotoka." Akanimiminia chai nyingine, akaongeza: "Ila orodha ile ilikuwa mbaya."

Katika maneno yake hayo mawili yalikuwamo yote niliyojaribu kuyasema hapa. Yeye alilibeba fungu lake kwa miaka thelathini bila kulitupa kwangu. Mimi lililokuwa fungu langu nililitupa kwake siku ya kwanza, nikatia sahihi na mhuri.