Sindano ya Dorkasi

Somo: Matendo ya Mitume 9:36–42



Dorkasi alipofariki huko Yafa, wajane walisimama karibu na Petro wakilia, wakamwonyesha kanzu na nguo alizowashonea. Huo ndio uliokuwa ushahidi wao.

Sisi wa Unguja tunajua uzito wa nguo. Enzi za utumwa, mtumwa alijifunga merikani, kitambaa kisichotiwa rangi kilichokuja kwa meli kutoka Marekani. Kichwa wazi, miguu mitupu. Utumwa ulipofutwa kisheria mwaka 1897, wanaume walianza kuvaa kanzu na kofia, wanawake wakajitanda kanga za rangi. Kila aliyevaa alitangaza kwamba yeye ni mtu, si mali ya mtu.

Kabla ya hapo, kule Mbweni hapa Unguja, wasichana waliookolewa kutoka majahazi ya watumwa walikuwa wakisoma na kushona katika shule ya Mtakatifu Maria, alikofundisha mmisionari Caroline Thackeray tangu 1877. Binti aliyewahi kupangiwa bei sasa alishika sindano. Na mbali na hapa, huko Canterbury, New Hampshire, Marekani, akina dada wa jumuiya ya Kikristo ya Shaker walifuma sweta kwa mashine na kuziuza, wakiamini kwamba kazi iliyofanywa vizuri ni ibada.

Mtazame mama anayeshona kofia hapa kwetu. Vitambaa viwili vimepandanishwa, maua yamechorwa juu yake. Anatoboa, anazungushia uzi, anakaza, anahamia kitobo cha pili, wiki zinapita. Kofia hiyo ikifika Forodhani, tunaishusha bei mpaka jasho lake linasahaulika. Yakobo, katika waraka wake, anatuonya kwamba ujira tuliomnyima mfanyakazi humfikia Mungu kama kilio.

Wiki hii, mlipe fundi wako siku ile ile uliyomwahidi, usimzungushe. Na kama mtaani kwako yupo mtoto anayekwenda shule na sare iliyochanika, usimtafutie tu iliyomkataa mwanao. Mpeleke kwa fundi, apimwe bega na kiuno, ashonewe yake. Dorkasi alishonea watu aliowajua, na anayepimwa hujua kwamba ameonwa.

Tuombe: Ee Bwana, bariki mikono ya wanaoshona. Tupe moyo wa kuwalipa kwa haki, na macho ya kumwona asiye na nguo. Amina.