Ujira Usilale Kwako



Somo letu wiki hii ni Mithali 3:27–28. Mwenye hekima anatukataza kumwambia jirani aende zake, arudi kesho, ilhali anachodai tunacho pale pale.

Wenye umri mkubwa kati yetu wanaikumbuka bili ya posta. Ilikuja katika bahasha ya kaki yenye kidirisha, jina lako na namba ya S.L.P. vikionekana kwa ndani, na mara nyingi sanduku lenyewe lilikuwa la shule au la usharika, likitumiwa na kijiji kizima. Kama ofisi inayokudai ilikuwa katika mji mwingine, ulinunua hawala ya posta, ukabandika stempu, ukangoja. Mdaiwa wa siku hizo aliweza kusema, "Fedha ziko njiani," na mara nyingi zilikuwa njiani kweli.

Kisha M-Pesa ikaanza Kenya mwaka 2007, mwaka uliofuata ikaingia Tanzania, na mitandao mingine ikafuata. Leo ukinunua umeme wa LUKU, tarakimu 20 zinaingia kwenye simu hujainuka hata kitini. Unazibonyeza kwenye mita, taa inawaka. Namshukuru Mungu kwa hilo bila kusita. Mjane wa kijijini hatoi tena nauli na siku nzima kwenda kulipa bili ya maji mjini.

Lakini tutazame ni nani tunayemlipa haraka. Umeme ukikatika saa tatu usiku, tunanunua papo hapo. King'amuzi kikizima mpira ukiendelea, hatusemi "kesho". Wanaotuuzia hivyo wana uwezo wa kutukatia.

Sasa mfikirieni mama anayetufulia nguo. Amefua, ameanika, ameanua, amekunja. Amesimama mlangoni anafuta mikono kwenye khanga, ngozi ya vidole imejikunja kwa maji na sabuni. Anaambiwa, "Nitakutumia kwenye simu." Jioni simu haijalia. Kesho yake anaona haya kuuliza. Keshokutwa anatuma ule ujumbe wa kuomba apigiwe, kwa kuwa hana salio, na hapigiwi. Huyu hana mita ya kutuzimia.

Torati ilimwona mtu huyu mapema. Walawi 19:13 inakataza ujira wa kibarua kulala kwa mwajiri hadi asubuhi, na Kumbukumbu la Torati 24:15 inataja sababu: ni maskini, anautegemea ujira huo, na anaweza kumlilia Mungu juu yetu. Yakobo naye, katika 5:4, anaonya kwamba mshahara uliozuiliwa unapiga kelele. Zama za kale fedha ilipimwa kwa mizani, kama Abrahamu alivyompimia Efroni bei ya shamba katika Mwanzo 23. Hata katika shughuli nzito namna hiyo ya kulipa, Mungu alitaka kibarua apewe chake siku ile ile. Sisi ambao kulipa kwetu ni kubonyeza namba ya siri, tutamjibu Mungu nini?

Na unapotuma, tuma na ada ya kutolea. Mmepatana shilingi elfu kumi. Akifika kwa wakala akakatwa, akaondoka na pungufu ya hiyo, hujamlipa mlichopatana. Jambo hili linaonekana dogo kwa anayetuma. Kwa anayepokea ni unga wa jioni.

Wapo pia wasio na simu, na wazee ambao ujumbe wa malipo husomewa na wajukuu. Hao wapelekewe fedha mkononi, tena kwa salamu.

Ndugu zangu, kabla ya Jumapili ijayo, kila mmoja wetu awakumbuke dobi, fundi, mlinzi, muuza maziwa na kijana wa bodaboda. Anayedaiwa na mmoja wao amlipe leo, kabla hajalipia king'amuzi.