Safu ya Msikitini na Mlango wa Nyumba

Tarehe 19 Mei 2025 ilitimia miaka 100 tangu kuzaliwa, katika mji wa Omaha huko Marekani, mtu ambaye dunia ilimjua kwa jina la Malcolm X, na Waislamu wakamjua kwa jina la Al-Haji Malik El-Shabazz. Alikumbukwa kwa sifa nyingi, nasi Waislamu wa pwani hatukubaki nyuma. Kumsifu si kosa. Lakini sifa ni deni: amsifuye mtu kwa jambo amekiri kuwa jambo lile ni haki, na aliyekiri haki imempasa kuitenda. Basi natuulizane, ndugu Waislamu, kama deni hili tumelilipa.

Habari yake kwa ufupi ni hii. Alizaliwa katika nchi ambayo mtu mweusi hakuhesabiwa kuwa mtu kamili. Baba yake alikufa angali mtoto, naye akakua katika upotofu hata akatiwa gerezani mwaka 1946. Humo gerezani akaingia katika chama cha Elijah Muhammad, kilichofundisha kuwa watu weupe wote ni mashetani, na kwa muda wa miaka kama kumi na miwili akayahubiri hayo. Herufi ile X aliyojiita ilikuwa na maana yake. Ilisimama mahali pa jina la mababu zake, ambalo utumwa ulilifuta asilijue. Mwezi wa Machi 1964 akakiacha chama hicho, na mwezi uliofuata akaenda Makka kuhiji. Huko akala sahani moja na kulala juu ya zulia moja na Waislamu weupe wa ngozi, wala hakuona kwao kibri cha rangi. Akawaandikia barua watu wake na kukiri waziwazi kuwa fikira zake za zamani zimembadilikia. Hakuacha kupigania haki za watu wake. Alichokiacha ni kumhukumu mtu kwa rangi yake. Oktoba 1964 alifika Dar es Salaam na Nairobi. Tarehe 21 Februari 1965 akauawa kwa risasi katika mji wa New York, naye ana umri wa miaka 39.

Tulipoisoma habari hii katika darasa letu, kila mmoja alifurahi, na wengine walitokwa na machozi. Kisha mzee mmoja akasema: "Jamaa, nawauliza. Lau Bwana huyu angekuja mjini petu akaposa, nani katika nyinyi angemuoza binti yake bila ya kuuliza kwanza babu yake alikuwa nani?" Darasa likanyamaza. Kwani mtu yule hakuwa na jawabu la swali hilo ila herufi moja tu.

Hapa ndipo ilipo mas'ala yetu. Katika safu ya msikitini tumesawazika, bega kwa bega, wala hapana aulizaye mwenziwe ametoka ukoo gani. Lakini mara nyingi usawa ule huishia pale tunapovaa viatu. Tukifika kwenye mlango wa nyumba, na khasa ikija posa, huanza kupimana: huyu ni muungwana, yule asili yake hivi, nywele zake hivi, bibi yake alikuwa wa fulani. Hukumu ya utumwa ilifutwa katika pwani hii mwaka 1907, na waliokuwa watumwa na waliowamiliki wamekwisha kufa wote. Lakini jina la utumwa bado hurithishwa kana kwamba ni mali.

Watakuwako watakaosema: "Haya si ubaguzi. Wanavyuoni wetu wameitaja kafaa, na nasaba ni katika mambo yake." Hoja hii haifai kudharauliwa, kwani ni kweli kuwa madhehebu ya Shafi yameitaja nasaba. Lakini kafaa ni haki ya mwanamke na walii wake, wala si faradhi juu yao. Wakiridhika wote wawili, ndoa ni sahihi. Imamu Malik yeye aliitazama dini kabla ya nasaba. Na Mtume (S.A.W.) mwenyewe alimshauri Fatima binti Qays, mwanamke wa Kikureshi, aolewe na Usama bin Zayd, ambaye baba yake alikuwa mtumwa aliyeachwa huru na mama yake asili yake Uhabeshi. Naye Fatima alikuwa ameposwa na Wakureshi wenziwe. Kwanza hakupenda, kisha akatii, na akaona kheri katika ndoa ile. Basi aliyeruhusiwa kuitazama nasaba asiigeuze ruhusa kuwa nguzo ya dini, akamrudisha kijana mwema na kumkubali mlevi kwa sababu ya jina la babu yake.

Wengine watasema: "Mambo ya Marekani yalikuwa sharia za serikali; yetu ni dasturi tu, wala hatumchukii mtu." Ndugu yangu, dasturi ndiyo nzito zaidi. Sharia hufutwa kwa kalamu, kama zilivyofutwa nyingi katika zile za Marekani mwaka 1964 na 1965. Lakini dasturi haifutiki mpaka kila mtu aifute nyumbani mwake. Na yule anayerudishwa mlangoni halimpunguzii uchungu neno la kuwa hachukiwi.

Tena tujihesabu kwa insafu. Serikali ya kikoloni iliwapanga watu wa Kenya kwa rangi, Wazungu juu, Wahindi na Waarabu kati, Waafrika chini; skuli zao mbali na hospitali zao mbali. Tuliiona dhulma hiyo na tukailalamikia. Lakini wengi wetu hatukuikataa mizani yenyewe. Tuligombania kupandishwa daraja ndani yake, tuhesabiwe na wale wa juu tusihesabiwe na wale wa chini. Mwenye kufanya hivyo hachukii dhulma. Anachukia kuwa yeye ndiye aliyedhulumiwa.

Katika Sura ya Al-Hujurat Mwenyezi Mungu ametufunza kuwa ametujaalia mataifa na makabila ili tujuane, na kuwa mtukufu wetu ni yule amchaye zaidi. Nasaba basi ni ya kujuana, na kuijua si dhambi. Dhambi ni kuifanya mizani ya utu.

Kubwa zaidi kwa Al-Haji Malik ni kuwa alipoiona haki aliifuata, ijapokuwa ilivunja maneno aliyoyasema miaka mingi mbele za watu. Nasi tunaombwa jambo dogo kuliko hilo: ikija posa tuulize dini ya kijana, tabia yake na uwezo wake, kisha tunyamaze, na tusitamke mbele ya watoto wetu yale majina ya kuwatweza watu kwa asili zao. Tukishindwa na haya, basi heri tuache kumsifu, kwani sifa zetu zitakuwa hoja juu yetu.

Mwenyezi Mungu atuonyeshe haki kuwa ni haki, na aturuzuku kuifuata. Amin.