Hesabuni Saa, Mlipe

Ndugu zangu wenye maduka na maghala ya Kitale na Bungoma, nisikilizeni. Jumapili hii mtaketi viti vya mbele, mtatoa fungu la kumi, na mchungaji atawaombea baraka. Binti anayewauzia bidhaa hayumo ibadani. Yuko kaunta. Mlimwambia biashara haina Jumapili, na mwisho wa mwezi mkamlipa kana kwamba siku hiyo haikuwepo.

Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inampa kila mfanyakazi angalau siku moja ya kupumzika katika kila siku saba. Kwa kazi nyingi, agizo la jumla la mishahara linaweka wiki ya kawaida kuwa saa 52 kwa siku sita. Saa inayozidi hapo hulipwa mara moja na nusu. Ya siku ya mapumziko au sikukuu, mara mbili. Sheria hiyo haikutungiwa Nairobi peke yake. Inafika Chwele, Kimilili na Kiminini.

Tuhesabu pamoja. Anayeingia saa moja asubuhi na kutoka saa mbili usiku, mkitoa saa moja ya chakula, amefanya saa 12 za kazi. Kwa siku sita, ni saa 72. Ondoeni 52, zinabaki 20. Zizidisheni mara moja na nusu: ni ujira wa saa 30 kila wiki, saa 120 kwa wiki nne. Yaani kila mwezi mshahara wa zaidi ya wiki mbili umebaki mfukoni mwenu, na si wenu! Mwenye fedha hizo ana kodi ya nyumba, ana karo, ana mama kijijini anayengoja dawa. Nanyi mnamsifu kwamba anajitolea. Amejitolea lini, naye anaogopa kufutwa?

Mnaniambia biashara ni ngumu. Najua. Najua bei ya mahindi inavyoanguka wakati wa mavuno. Lakini kumbukeni kiwanda cha sukari cha Nzoia kilipoyumba, wafanyakazi wake wakadai malimbikizo ya mishahara: hata mwenye duka, mwenye bodaboda na mwenye nyumba za kupanga waliumia. Mlioonja uchungu ule mnawezaje kuupika tena? Mtu asiyelipwa atanunua nini kwa jirani yako?

Torati yataka kibarua apewe ujira kabla jua halijazama. Yakobo katika waraka wake aliwakemea matajiri kwa sababu ya mishahara ya wavunaji. Ndugu zetu Waislamu wamefundishwa kumlipa mtu jasho lake lingali bichi. Basi mwenye kuomba kwa dini yoyote katika nchi hii hana pa kujificha.

Na soja anayekesha kwenye baridi ya Kitale, msiseme analala. Kama analala, mchukulieni hatua kwa haki. Kama analinda, mlipeni. Hata simu ya usiku ni kazi: mtu amefika kwake anasonga ugali, bosi anapiga kuuliza stoo imebaki na magunia mangapi.

Nanyi wafanyakazi, nunueni daftari. Andikeni kila siku saa ya kuingia na ya kutoka, maana jaji hatatoa hukumu kwa machozi. Atataka tarehe na saa. Wala msilalie madai yenu, kwa kuwa sheria inawapa miaka mitatu tu. Nendeni kwa afisa wa leba mkiwa kundi, asibaki mmoja wa kunyooshewa kidole. Kujiunga na chama cha wafanyakazi ni haki yenu katika Katiba, Ibara ya 41.

Mwajiri, usingoje barua ya mahakama. Kabla ya kufunga Jumamosi hii, keti na watu wako, mfungue rekodi za mwezi uliopita, mhesabu saa zote mbele yao. Deni likiwa kubwa, elewaneni ulilipe kwa awamu, mwandikiane, mtie sahihi. Na kama kazi yako haiwezi kwisha jioni, ajiri mtu wa pili. Vijana wapo, wako steji tangu asubuhi wakingoja kuitwa.